Hansen si ukoo mmoja

Katika makala yetu kuhusu ukoma tulitaja kwamba maradhi hayo huitwa pia ugonjwa wa Hansen. Barua nyingi zilizofuata hazikuuliza juu ya ugonjwa, ziliuliza juu ya jina. Tunajibu baadhi yake.

SWALI: Mhariri, jina Hansen lina maana gani, na huyo Hans alikuwa nani?

JIBU: Hansen ni mwana wa Hans, kwa namna ileile ambayo sisi husema "bin". Silabi ya mwisho, -sen, ni neno søn la Kidenmaki, yaani mtoto wa kiume, lililosagika kwa kutamkwa harakaharaka. Hans ni kifupisho cha Johannes, Yohana wa Biblia. Jina hilo liliingia Skandinavia pamoja na Ukristo, na umbo lake fupi la Hans lilitokea upande wa Wajerumani. Msilichanganye na Hansa, ule umoja wa miji ya biashara ya kaskazini. Hilo ni neno jingine kabisa.

Kuuliza Hans alikuwa nani ndipo watu wanapopotea, kwa sababu hakuna Hans mmoja. Walikuwako maelfu, na kila mmoja aliyezaa mtoto wa kiume alianzisha Hansen wake. Mtazameni daktari mwenyewe. Gerhard Armauer Hansen alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1841, na mwaka 1873 alivitambua vijidudu vya ukoma kwa hadubini. Baba yake hakuitwa Hans, aliitwa Claus Hansen. Kwa desturi ya kale daktari angekuwa Clausen, na ulimwengu ungesema ugonjwa wa Clausen. Katika familia ile ya mjini, jina lilikuwa limekwisha kuganda.

SWALI: Liliganda lini? Nataka mwaka.

JIBU: Mwaka unategemea nchi, tabaka, na kama familia iliishi mjini au shambani.

Makabaila walitangulia. Mwaka 1526 Mfalme Frederik I wa Denmark aliwaagiza wachukue majina ya kudumu, na wengi waliyatoa kwenye nembo za ngao zao: Gyldenstierne ni nyota ya dhahabu. Wakulima, ambao ndio walikuwa wengi, hawakuguswa. Kwao jina liliendelea kubadilika kila kizazi kwa miaka mia tatu zaidi.

Serikali ilihitaji kujua nani ni nani katika kodi, mirathi na jeshi. Jimbo la Schleswig, lililokuwa chini ya mfalme wa Denmark, liliamriwa kuwa na majina ya kurithi mwaka 1771. Tarehe 30 Mei 1828 ikaja amri ya Denmark yenyewe: mtoto anapobatizwa aandikwe jina lake pamoja na jina la ukoo atakalokuwa nalo maisha yake yote. Makasisi wengi wa vijijini waliitii nusunusu. Watoto wote wa Hans Nielsen waliandikwa Hansen, wavulana kwa wasichana, lakini Niels Hansen alipokua na kuzaa, watoto wake wakaandikwa Nielsen. Ndugu walipata jina moja, vizazi havikupata. Sheria ya mwaka 1856 ndiyo iliyokaza kamba.

Kwa hiyo, ukikutana na Hansen wa kijijini Denmark aliyezaliwa kabla ya 1828, soma kwamba baba yake ni Hans. Aliyezaliwa baada ya 1860, soma kwamba mahali fulani huko nyuma yupo Hans. Kati ya miaka hiyo usiamini lolote mpaka uone ukurasa wa ubatizo. Mjini rudi nyuma zaidi, kwa kuwa mafundi na wafanyabiashara walianza kurithisha mapema. Mwandishi H. C. Andersen, aliyezaliwa Odense mwaka 1805, ni ushahidi mzuri: baba yake aliitwa Hans Andersen, na babu yake Anders Hansen. Kwa desturi mwandishi angekuwa Hansen. Jina liliishia kuganda kwa baba, miaka zaidi ya ishirini kabla ya amri.

Uswidi iliweka utaratibu wa majina ya ukoo mwaka 1901. Norwei ilisubiri hadi sheria ya 1923, na huko shamba lilikuwa na usemi mkubwa. Mkulima wa Norwei alikuwa na jina lake, jina la baba yake, kisha jina la shamba alipoishi, ambalo lilikuwa anwani kuliko jina. Akihamia shamba jingine, sehemu hiyo ilibadilika. Familia zilipolazimika kuchagua, wengi wa magharibi walishika shamba. Wafanyakazi wa mijini, na watu wa pwani ya kaskazini, walishika -sen. Leo Hansen ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Norwei. Denmark nako limo katika matatu ya juu, pamoja na Nielsen na Jensen.

SWALI: Mwanamke anakuwaje "mwana wa kiume wa Hans"?

JIBU: Zamani hakuwa. Alikuwa Hansdatter, binti Hans, na aliolewa, akazaa, akazikwa akiwa Hansdatter. Ndoa haikumpa jina la mume. Jina lilipoacha kueleza mtu na kuanza kueleza familia, -sen ikawafunika wote. Katika sensa ya Norwei ya mwaka 1865 utawaona bado, mara nyingi kwa kifupi "Hansd.", kufikia mwanzo wa karne ya 20 wamebaki wachache. Anayetafuta bibi wa zamani chini ya jina la mume wake hatampata, naye yumo kitabuni siku zote.

SWALI: Hansen, Hanssen, Hansson, Hanson. Je, herufi hizi zinaonyesha nchi?

JIBU: Zinaonyesha, ila si kwa uhakika. Hansson yenye s mbili na o ni ya Uswidi: s ya kwanza ni ya umilikishi, ya pili inaanzisha neno son. Hansen ni ya Denmark na Norwei, na Hanssen ni tahajia ambayo familia nyingi za Norwei zimeihifadhi. Lakini Hansen ni jina la kawaida pia kaskazini mwa Ujerumani, hasa sehemu za Schleswig zilizobaki upande huo baada ya kura ya mwaka 1920 iliyoligawa jimbo hilo kati ya Denmark na Ujerumani. Visiwa vya Faroe wamejaa akina Hansen, kwa kuwa vitabu vya kanisa viliandikwa kwa mtindo wa Kidenmaki. Hanson yenye s moja huwa ni ya Marekani au Uingereza.

Na kwa aliyeuliza kuhusu Jensen na Johansen: shina lao ni lilelile. Jens, Johan na Hans wote ni Johannes. Majina matatu kati ya yanayojaza Skandinavia ni Yohana mmoja.

SWALI: Katika familia moja nimeona Niels Hansen, mwanawe Hans Nielsen, mjukuu Niels Hansen. Mwandishi wa kitabu alichanganyikiwa?

JIBU: Hakuchanganyikiwa. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ukiunganisha desturi hiyo na jina la baba, majina mawili yanazunguka bila kukoma. Mtoto akifa, wa jinsia ileile atakayefuata alipewa jina la marehemu, hivyo Hans wawili wa wazazi wale wale si kosa. Mjane akioa tena, binti wa kwanza wa mke mpya mara nyingi aliitwa kwa jina la mke aliyetangulia, na huo ni msaada mkubwa kwa mtafiti, maana jina la binti linakwambia kulikuwa na ndoa ya kwanza.

SWALI: Baba wa babu ya mume wangu alihamia Marekani akiitwa Peter Hanson. Tutampataje alikotoka?

JIBU: Dada msomaji, weka jina la ukoo pembeni kwanza. Unalohitaji ni vitu vitatu: jina la ubatizo, tarehe ya kuzaliwa, na parokia. Ukiwa na tarehe na parokia, jina la ukoo halihitajiki sana. Ukiwa na jina la ukoo peke yake huna kitu.

Anzeni Marekani, msirukie Ulaya. Parokia huandikwa zaidi katika vitabu vya makanisa ya Kilutheri ya wahamiaji, ubatizo, ndoa na mazishi, kuliko katika nyaraka za serikali, ambazo mara nyingi hutaja nchi tu. Jiwe la kaburi na tangazo la kifo katika gazeti la lugha yao ni vya kutazamwa pia. Fuatilieni na ndugu zake. Si ajabu kwa ndugu watatu waliokwenda pamoja kuishia na majina matatu: mmoja Hanson kwa baba, mwingine jina la shamba, wa tatu Nelson kwa sababu alitumia jina la babu. Huenda ndugu yake alitaja parokia ambayo Peter hakuitaja.

Msipoteze siku kutafuta karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, aliyembadilishia jina. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1892, na makarani wake walifanya kazi kwa orodha ya abiria iliyoandikwa safarini au kabla ya meli kung'oa nanga. Watu walibadilisha wenyewe baadaye, shuleni, kazini, benki, kwa sababu majirani waliandika -son. Kwa hiyo -son ya Marekani haithibitishi Uswidi. Wanorwei waliovuka kati ya 1825 na 1930 walipita 800,000, na wengi wa akina -sen wao walikuwa -son ndani ya kizazi kimoja.

Kisha nendeni kwenye rejista za kuondoka. Polisi wa København, mji mkuu wa Denmark, waliandika wahamiaji kuanzia 1869, wale wa Kristiania, yaani Oslo ya leo, kuanzia 1867. Tafuteni Peder, Petter na Per pia, si Peter tu, na mjaribu Hansen, Hanssen na jina lolote la shamba.

Mkiipata parokia, fungueni kitabu cha ubatizo. Hifadhi za taifa za Denmark na Norwei zimeviweka kwenye intaneti bila malipo. Someni miaka miwili kabla na miwili baada ya tarehe mliyo nayo, mwandike kila Peder ambaye baba yake ni Hans. Mtapata wanne, pengine saba. Hapa ndipo wengi huharibu: wanamchukua wa kwanza anayefanana na kujenga mti mzima juu yake. Kila mmoja lazima afuatiliwe. Aliyezikwa mtoto anatoka. Aliyeoa palepale na kubaki anatoka. Anayebaki mpimeni kwa wadhamini wa ubatizo, ambao kwa kawaida walikuwa ndugu na majirani wa karibu. Majina yao na mashamba yao yakijirudia kwa watoto wengine wa nyumba hiyo, mpo mahali sahihi.

Thibitisheni kwa sensa. Ya Denmark ya mwaka 1845 ndiyo ya kwanza kutaja mahali pa kuzaliwa. Norwei iliwaandika watu wote kwa majina mwaka 1801, kisha 1865, na ile ya 1910 inatoa tarehe kamili ya kuzaliwa.

Jambo la mwisho litakalowasumbua ni tarehe. Vitabu vya zamani mara nyingi havisemi siku na mwezi, vinasema Jumapili ya tatu baada ya Utatu. Sikukuu hizo hufuata Pasaka, kwa hiyo tafuteni kwanza Pasaka ya mwaka huo iliangukia lini, ndipo mhesabu. Tahadharini na mwaka 1700: Denmark na Norwei ziliruka kutoka 18 Februari hadi 1 Machi kwa kubadilisha kalenda.

SWALI: Kipimo cha DNA si kingemaliza kazi yote?

JIBU: Kipimo cha kromosomu Y hufuata baba hadi baba, na husaidia pale jina nalo limefuata njia hiyo kwa karne nyingi. Hansen limeifuata kwa vizazi vichache tu. Wanaume wawili waitwao Hansen wanaweza wasiwe na uhusiano wowote, na ndugu wa damu kabisa akawa Nielsen. Kipimo cha jumla kinachotafuta binamu kinafaa zaidi, mradi uwe umekwisha kupata parokia.

SWALI: Kuna mahali desturi ya zamani bado inaishi?

JIBU: Iceland. Vigdís Finnbogadóttir, rais wa nchi hiyo kuanzia 1980 hadi 1996, ni binti wa Finnbogi, na hakuna kaka yake ambaye angeweza kuwa dóttir, yaani binti. Kitabu cha simu kilipokuwa kikichapishwa kilipangwa kwa jina la kwanza, na hata rais huitwa kwa jina la kwanza bila kuvunjiwa heshima. Sheria ya mwaka 1925 ilizuia watu kujitwalia majina mapya ya ukoo, kinyume kabisa cha walichofanya majirani. Na majirani nao wamelegeza: Denmark tangu Aprili 2006, na Uswidi tangu Julai 2017, mzazi anaweza tena kumpa mtoto jina litokanalo na jina lake mwenyewe, la baba au la mama. Kwa hiyo huenda Hansen aliyezaliwa København mwaka jana akawa, kwa mara ya kwanza baada ya vizazi vingi, mtoto wa mtu aitwaye Hans.