Chumba cha Kutokeza Hakitaki Grisi

Karavani zenye chumba cha kutokeza, kile kinachotoka ubavuni kama mtoto wa meza na kurudi ndani kabla ya safari, si nyingi pwani yetu. Zilizopo nyingi hukaa karibu na bahari, na bahari ndiyo inayoziharibu. Barua za safari hii zote zinahusu chumba hicho.

SWALI: Assalaam aleikum. Tuna karavani ya Kimarekani kwenye ploti yetu Mambrui, tunakodisha kwa wageni. Chumba chake kinatoka kwa kukwaruza na wakati mwingine hukwama katikati. Fundi aliyapaka grisi yale meno ya chini, kikaenda vizuri wiki mbili, sasa kimekuwa kibaya kuliko mwanzo. Grisi gani inafaa? – Msomaji, Mambrui

JIBU: Wa aleikum salaam. Hakuna grisi inayofaa hapo. Ingia chini ya karavani, chota kidogo ile iliyo kwenye meno na uisugue kati ya vidole viwili: utasikia punje. Ni mchanga wa pwani uliopeperushwa na upepo ukanaswa na grisi. Kila chumba kinapotoka na kurudi, uji huo unasaga meno ya reli na ya gia. Zile wiki mbili za raha ni za grisi kabla haijashiba mchanga.

Kwa maelezo yako, chumba chenu ni cha reli zenye meno chini ya sakafu, zinazosukumwa na mota moja kupitia mtaimbo unaounganisha gia za pande mbili. Kazi yake ni hii. Sawazisha karavani kwanza kwa jeki zake, kwa sababu chumba kinachopanda mlima upande mmoja kitakwaruza hata kikiwa kipya. Kitoe chote nje, kisha ondoa fyuzi ya mota ili mtu asije akabonyeza swichi mikono yako ikiwa kwenye gia. Futa grisi kwa tambara lililolowa mafuta ya taa kidogo, na utumie brashi ya nailoni kufikia mashina ya meno, maana mchanga hujificha pale. Mafuta ya taa yasiguse raba zinazoziba kingo za chumba. Palipo na kutu kwenye chuma, tumia brashi ya waya. Osha kwa sabuni na maji, suuza, ukaushe kabisa.

Maji ya kusuuzia yaonje kwanza. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kurudisha adui uliyemtoa. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Usitumie mashine ya presha karibu na mota wala raba. Inayasukuma maji mahali yasipotoka tena.

Baada ya kukauka, puliza kilainishi kikavu, chenye tefloni au silikoni, kile ambacho kimiminika chake huruka na kuacha utando usionata. Utando mwembamba kwenye pande zote mbili za meno na kwenye pini za rola unatosha. Ngoja dakika 10 hadi 15, rudisha fyuzi, toa na uingize chumba mara mbili au tatu, kisha futa kilichozidi. Dawa ya kupuliza ya WD-40 ya kawaida ni nzuri kwa kulegeza bolti yenye kutu, lakini haikai. Usiitegemee kama kilainishi. Kwa karavani iliyo ufukweni, kagua meno kila mwezi, na msimu wa kusi, bahari inaporusha povu hadi barazani, suuza mara nyingi zaidi. Angalia pia bolti za chuma zilizoshika aluminiamu: unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti maana yake aluminiamu inaliwa, na chumvi ndiyo inayoharakisha.

Kukwaruza kukiendelea baada ya usafi huu, pima kwa futi umbali kati ya ukuta wa karavani na ukingo wa chumba, mbele na nyuma, chumba kikiwa nusu njia. Vipimo vikitofautiana waziwazi, upande mmoja umeruka jino au bolti ya gia imekatika. Hapo acha kubonyeza. Bolti hiyo katika baadhi ya mitambo imewekwa laini makusudi ili ikatike kabla ya gia kuvunjika, na kuweka ngumu zaidi ni kuhamishia uvunjikaji kwenye gia yenyewe.

SWALI: Chumba chetu kinatoka polepole mno, na kurudi ndiyo shida zaidi, kinasita, taa za ndani zinafifia. Nimeambiwa ninunue mota mpya kutoka Marekani. Ni kweli imekufa? – Msomaji, Malindi mjini

JIBU: Usiagize kitu kwanza. Taa zikififia wakati mota inavuta, mara nyingi umeme ndio haba, mota haina kosa. Chukua mita ya volti. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 hivi imebaki kama nusu. Mwombe mtu abonyeze swichi ya chumba huku wewe umeshika mita kwenye betri. Ikishuka chini ya 11 hivi, betri imechoka au haikuchajiwa. Ikibaki juu ya 12 na mota bado inajikokota, hamishia mita kwenye waya za mota: pakipotea zaidi ya nusu volti njiani, kuna kiungo kilicholiwa na chumvi, na mara nyingi ni pale waya wa athi, yaani wa hasi, ulipofungwa kwenye chasisi. Fungua, sugua hadi chuma king'ae, kaza, kisha upake vaselini juu. Hapo vaselini inaruhusiwa.

Kwa nini betri haijai? Karavani za Marekani zimeundwa kwa umeme wa volti 120, na stima yetu ni 240. Chaja ya ndani ikichomekwa moja kwa moja kwenye stima ya KPLC huungua, na mwenye karavani huenda asijue, kwa sababu taa na mota ni za volti 12 na huendelea kula betri mpaka ichoke. Kagua chaja kabla ya chochote. Ama weka transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kutosha, au ondoa chaja ile na ufunge ya volti 240. Tunapendelea ya pili: vitu vichache, joto kidogo.

Na msiache chumba kijikokote hivyo kwa miezi. Mota inayojikokota kwa volti ndogo hupata moto, na hatimaye itakufa kweli.

SWALI: Raba za chumba zimenata na moja imechanika. Tulizipaka mafuta ya nazi zilainike. Masika yaliyopita maji yaliingia hadi kwenye zulia. – Msomaji, Mokowe

JIBU: Pole, dada. Mafuta ya nazi yanashika vumbi, na vaselini au oili ni mbaya zaidi: raba hizi nyingi ni za EPDM, aina ya raba ya viwandani, ambayo huvimba na kulegea ikiguswa na bidhaa za petroli. Osha kwa sabuni ya sahani na maji ya uvuguvugu, kausha, puliza dawa ya raba ya silikoni isiyo na petroli. Iliyochanika ibadilishe; gundi haidumu kwenye raba inayokunjwa kila siku.

Maji huingia zaidi kwenye pembe, pale vipande viwili vya raba vinapokutana. Jaribu kwa mpira wa maji: anza chini, panda polepole, na mtu awe ndani na tochi. Kagua pia kama ule ulimi wa raba umekunjika upande usiofaa. Ulimi uliokunjwa huongoza maji ndani. Kisha bonyeza sakafu ya chumba kwa kidole gumba pembeni kote. Ikibonyea, plaiwudi imeanza kuoza, na hiyo ni kazi ya seremala kabla ya raba mpya.

Kama karavani iko chini ya mwarobaini, panda ufagie paa la chumba kila kabla ya kukiingiza. Majani na vijiti hubanwa na raba ya juu na kuichana, na yanayopita huingia ndani pamoja na maji yake. Chini ya mnazi usiegeshe kabisa.

SWALI: Changu kinavutwa na nyaya za chuma, hakina meno popote. Nipake nini? – Msomaji, Watamu

JIBU: Kwenye nyaya zenyewe, usipake chochote. Vaa glavu, pitisha tambara kavu kwenye kila waya. Likinasa, kuna uzi uliokatika na waya huo ubadilishwe. Usikaze waya mmoja peke yake, chumba kitapinda.

SWALI: Mota ikifa nikiwa njiani, nitakirudishaje chumba ndani? – Msomaji, Malindi

JIBU: Mitambo mingi ya meno ina kichwa cha bolti cha kuzungushia kwa mkono, kwenye mota au mwisho wa mtaimbo, na kijiti kidogo cha kulegeza breki ya mota. Legeza breki, zungusha kwa soketi taratibu huku mtu akiangalia ndani kama kuna kiti au kabati njiani. Kikifika mwisho, rudisha breki ile mahali pake kabla ya kuwasha gari. Bila hiyo, chumba kinaweza kutoka chenyewe ukiwa barabarani.