Kabla mkasi haujagusa kikwembe

Februari ikifika, karakana zetu za Kadutu, hapa Bukavu, hujaa vikwembe (vitenge) vya Machi 8, Siku ya Wanawake, na maswali nayo hujaa. Ya safari hii karibu yote yanahusu kupanga patroni, yaani karatasi zenye umbo la vipande vya nguo, juu ya kitambaa kabla ya kukata.

Jambo mama fundi. Nataka sketi ndefu, blauzi na kitambaa cha kichwa. Fundi mmoja anataka yadi 6, mwingine anasema 4 zinatosha. Nimwamini nani? (Mama wa Bagira)

Mwamini yule aliyekupima nyonga kabla ya kutaja yadi. Kikwembe cha waksi huwa na upana wa sentimita 117 hivi, na yadi 1 ni sentimita 91. Tuseme nyonga zako ni 104: ongeza 4 za kupumulia na 6 za mishono ya pembeni, unapata 114. Zipu ikikaa pembeni, mbele na nyuma ya sketi vinalala ubavu kwa ubavu, na urefu mmoja wa sketi unatosha. Kwa mwili huo yadi 4 zinafika, na kilemba kimo.

Sasa tuseme nyonga ni 112. Hesabu ileile inatoa 122, upana umekwisha. Fundi mwenye haraka anakata urefu mara mbili, yaani zaidi ya yadi moja ya nyongeza. Mwenye subira anakigeuza kipande cha nyuma, kiuno chini na pindo juu. Kama sketi inabana kuelekea miguuni, nyonga pana ya kipande kimoja inakaa kando ya pindo jembamba la kingine, na mara nyingi vyote viwili vinaingia.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe kabla ya kwenda sokoni. Piga mistari miwili ya chaki kwenye sakafu, iachane kwa sentimita 117. Tandaza patroni zote katikati: kubwa kwanza, halafu mikono, mwisho kola na mifuko zijaze mianya. Pima urefu uliotumika, na hicho ndicho cha kununua. Yadi 2 zisizohitajika ni pesa ya chakula cha nyumbani, na huniuma kila nikimwona mama amezinunua kwa sababu tu fundi hakutaka kuinama.

Kikwembe changu kina ndege. Nacho nikigeuze hivyo? (Mwanafunzi wa ushonaji, Panzi)

Hapana, mwanangu. Ndege, maua yenye shina, maandishi na nyuso za watu vina juu na chini. Velveti pia: ukigeuza kipande kimoja, manyoya yake yanapokea mwanga kwa namna nyingine na nguo inaonekana ya rangi mbili. Miaka yangu ya kwanza nilimkatia mteja mgongo wa blauzi, nikauinua dirishani, na ndege wote walikuwa kichwa chini. Nililipa kile kitambaa. Tangu hapo kila patroni yangu, hata ile ya karatasi ya mfuko wa simenti, ina mshale unaoelekea juu.

Kwa kitambaa cha namna hiyo nunua ziada. Pima picha inajirudia baada ya sentimita ngapi, uongeze kiasi hicho kwa kila kipande kikubwa. Na uanze kwa kifua: ua kubwa likae katikati, au yawe mawili yanayolingana kushoto na kulia. Likiangukia upande mmoja tu, hakuna mshono utakaolificha.

Nimepata mikono miwili, yote ya kushoto.

Ulikata kitambaa kikiwa tabaka moja bila kupindua patroni. Kunja kitambaa kiwe tabaka mbili, uso kwa uso, ukate mara moja. Au ukishakata mkono wa kwanza, lalisha patroni kifudifudi kwa wa pili.

Sketi yangu inazunguka mwilini baada ya kufuliwa. (Dada wa Nguba)

Ilikatwa nje ya uzi. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hufuata ukingo wa kitambaa, ule wenye maandishi ya kiwanda, na patroni lazima iufuate. Weka pini kwenye ncha moja ya mshale, pima kutoka hapo hadi ukingoni, kisha pima ncha ya pili. Juu 14 na chini 16? Zungusha karatasi mpaka zote ziwe 14, ndipo ubane. Na pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, isije ikanywea mwilini.

Nina sare za watoto watatu, kitambaa cha bluu. Nikate ya mmoja mmoja? (Baba wa Kavumu)

Zote pamoja, baba. Suruali ya mkubwa huacha pengo kati ya miguu, na humo mifuko na mikanda ya wadogo inalala vizuri. Ukikata mmoja mmoja, pengo hilo linakuwa takataka mara tatu.

Vipande vinavyobaki ni vya nani?

Vya mteja. Mimi huvikunja, navifunga kwa utepe wa kitambaa hichohicho, naviweka mfukoni pamoja na nguo. Siku nguo ikichanika au ikibana, kiraka chake kipo. Akisema kwa mdomo wake "baki navyo", hapo ni vyangu.