Laptopu ikiamka, diski inaanza kugonga tena

Swali: Habari fundi, niko Kayole, nina laptopu ya mtumba iko na Ubuntu na hizi diski za kuzunguka. Ilikuwa inagonga tik, tik, nikaambiwa nipige hdparm -B 254, ikanyamaza kabisa. Shida nikifunga kifuniko ilale, nikifungua inaanza tena. Fundi mmoja huko tao ameniambia diski imeisha ninunue ingine. Ni ukweli?

Jibu: Weka pesa yako mfukoni kwanza boss. Hiyo tik ni kichwa cha kusomea kinaenda kujiegesha kando ya sahani ndio diski iokoe stima, na hiyo 254 uliyoweka, yaani kuiambia isijiegeshe ovyo, diski inaishika tu bora iko na stima. Sasa laptopu ikilala, RAM (kumbukumbu ya muda) ndio inabaki ikilishwa stima, diski inakatiwa, ikiamka inarudi na setingi yake ya zamani kama haujawahi kuigusa. Jionee mwenyewe: iamshe alafu andika sudo hdparm -B /dev/sda bila namba (/dev/sda ni jina la diski). Ikileta 128 ama chini, hiyo si ugonjwa, imesahau tu.

Dawa ni iambiwe upya kila ikiamka. Ingia /usr/lib/systemd/system-sleep/, tengeneza faili uiite diski, ndani weka hizi laini mbili:

#!/bin/sh
[ "$1" = post ] && hdparm -B 254 /dev/sda

Alafu sudo chmod +x kwa hiyo faili ndio iruhusiwe kujiendesha, na hapo ndio wengi hukwama, wanasahau wanarudi wakisema haifanyi. Hiyo post maana yake ni baada ya kuamka. Ya kuwasha kawaida weka kwa /etc/hdparm.conf.

Kama bado huyo fundi amekutia wasiwasi, piga sudo smartctl -A /dev/sda, inakuonyesha afya ya diski. Namba 193 ni mara ngapi kichwa kimeegeshwa, diski nyingi za laptopu hupimiwa 600,000, lakini mimi huangalia 5 (sehemu mbovu zilizobadilishwa) na 197 (sehemu zinazoshukiwa) kwanza. Hizo zikiwa sufuri tulia, zikiwa zinapanda kila wiki nakili kazi yako leo.

Na kitu ingine, ukiwa na 254 kichwa kinakaa juu ya sahani muda wote, kwa hivyo usiibebe ikiwa imewaka kwa matatu ikiruka matuta, ifunge kifuniko ilale kabla upande.