Kutoka ubaharia hadi uvuvi wa ziwani: jibu langu kwa kijana wa Tanga

Mdogo wangu, umeuliza kama baharia wa meli za mizigo, mzaliwa wa Tanga, mkewe Mjaluo wa Bondo, anaweza kuacha kusubiri mkataba Mombasa akaenda kuvua Ziwa Victoria. Walionitangulia kukujibu wamesema ziwa ni dimbwi kwa mtu aliyeizoea bahari. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Nimekula chumvi kwenye koasta, zile meli ndogo za mizigo za pwani, za Dar, Unguja, Mombasa na Ngazija, na sasa navua Usenge, upande wa Kenya wa ziwa. Nakwambia unaweza, ila hao wasikudanganye. Ziwa hili linaingiwa kupitia watu wa bichi, yaani ufuo wanakoshushia samaki, kwanza, maji baadaye.

Vya bahari vitakavyokufaa vipo. Kuunga kamba, kushona nyavu, kushika tanga mashine ikizima, yote hayo yatakupa heshima chomboni. Kuhesabu mwezi pia, kwa sababu omena, hao dagaa wetu, wanavuliwa gizani kwa taa kama dagaa wa pwani. Lakini hapa hakuna maji kujaa na kupwa ya kukupangia safari. Kusi na kaskazi hukupa miezi ya kujiandaa. Huku upepo una zamu ndani ya siku moja, asubuhi unatoka nchi kavu, alasiri unarudi kutoka ziwani. Halafu ipo ile dhoruba ya radi. Unahisi baridi ghafla kisogoni, harufu ya mvua inafika kabla ya wingu kukaribia, na kabla hujamaliza kukusanya kamba mawimbi yameshasimama. Ni mafupi, yamebanana, yanapiga chombo kabla hakijainuka kutoka lile la kwanza. Nahodha wetu huwa na kisu kiunoni kwa ajili ya hilo tu: akisema kata, nyavu zinaachwa.

Wewe umesimama kwenye gati, umeona alama ya F ubavuni mwa meli, kikomo cha kuzama kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Unajua maji baridi hayabebi mzigo kama ya chumvi. Basi na mwili ni hivyo hivyo. Nimeona vijana wa pwani, waogeleaji hasa, wakichoka upesi huku. Nunua jaketi la kuokolea maisha kabla ya kununua ndoana, na ulivae, hata wenzako wakikutazama vibaya.

Anza na omena. Tunatoka wanne jua likizama. Taa zinaelea kwenye maboya, zamani karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za sola. Tunaziacha mbali kidogo na kukaa kimya, wengine wanalala. Omena wakishajaa chini ya taa, maji yanaonekana kama yanachemka. Hapo ndipo kazi yenyewe: mmoja anapiga kasia taratibu kuizunguka taa, wavu unashushwa bila kishindo, kisha mnavuta wote pamoja, mkono juu ya mkono, maji yakimwagika mapajani. Ukivuta kwa pupa upande wako, wavu unalala upande na omena wote wanamwagika nje. Hakuna atakayekutukana. Kesho yake tu utakuta nafasi yako imechukuliwa.

Asubuhi kina mama wanapokea kwa karai, wanaanika juu ya nyavu zilizochakaa, na omena wakikauka wanapelekwa hadi soko la Kibuye, Kisumu, kuuzwa kwa gorogoro, kopo la kupimia. Kwenye mauzo huondolewa kwanza mafuta na chakula. Chombo nilichoanzia, kilichobaki kiligawanywa nusu kwa mwenyewe na nusu kwetu wavutaji. Mshahara wa mwisho wa mwezi usahau. Mbalamwezi ikiiva mnakaa nchi kavu, na kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa kabisa. Wanaohamia sangara hufuata ndoana na nyavu za macho makubwa, na sangara halali ni wa kati ya sentimita 50 na 85. Nyavu za plastiki za uzi mmoja utaletewa kwa bei rahisi. Zikatae, ni haramu na zinamaliza ngege (sato) wachanga.

Karatasi sasa. Kila bichi ina BMU (Beach Management Unit), chama cha wavuvi, wenye vyombo na wachuuzi wa hapo, na bila kuandikwa nao huna pa kuegesha. Mimi sikuandikwa mpaka mambo ya uhamiaji yalipokamilika. Usijilinganishe na Wapemba wa Kilifi na Kwale ambao serikali iliwatambua 2023 kuwa kabila la Kenya. Hao ni wa huku tangu wazee wao. Wewe una pasi ya Tanzania, shughulikia kibali. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lote, ambalo ni karibu kilomita za mraba 68,800, na mpaka hauna boya. Chombo kikikamatwa upande wa Uganda, Mkenya ana maelezo yake. Mtanzania asiye na karatasi, ndani ya chombo cha Kenya, ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Kuna jambo watu hawalisemi na mimi nitalisema. Utaletewa habari za jaboya: mchuuzi anapata samaki wako kwa sharti la kulala nawe. Wanaume wanalichukulia kama mila. Si mila, ni njaa ya mama mwenye watoto inayotumiwa dhidi yake, na ukimwi umezika wengi pwani hizi kwa njia hiyo. Kina mama wa Nduru, kaunti ya Kisumu, walipopata mitumbwi yao wakaajiri wanaume wawavulie, na samaki wakawa wao bila sharti la mtu. Wewe uza kwa pesa. Anayekuja na karai lake anastahili bei ile ile na salamu ile ile, mama au shangazi, kama angekuwa wa kwenu Tanga.

Na kichocho: ukiona damu kwenye choo kikubwa nenda zahanati, dawa ipo.

Umesema akiba yako inatosha kununua mtumbwi na mashine. Usinunue bado. Mgeni mwenye chombo anapata vijana ambao kila bichi imeshawakataa, na mashine italala kwenye nyumba usiyoijua. Njoo mwisho wa Julai, omena wakikaribia kufunguliwa, vyombo vinatafuta watu. Muulize mkeo kama ana mjomba au shemeji anayevua kwenye bichi za Usenge, Uhanya au Wichlum. Akiwepo, mpigie leo, umwombe nafasi ya kuvuta wavu.