Nani Aliwaambia Lazima Mtoto Awe na Homa?

Juzi kwenye ripoti ya asubuhi nimeisikia tena: "Mtoto wa siku nne, hanyonyi vizuri, hana homa, tunaendelea kumwangalia." Tunaendelea kumwangalia! Chai ikanishinda. Wadogo zangu, nawapenda, na najua zamu ya usiku kwenye wodi ya vichanga si mchezo. Lakini sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, tena kwa mwandiko mbaya kuliko wenu. Kaeni.

1. Kichanga akiingiwa na vijidudu kwenye damu anaweza kupoa badala ya kuchemka. Joto chini ya nyuzi 35.5 ni dalili ya hatari sawa na 38 na kuendelea. Mstari huu niliujua, hata kwenye mtihani niliupata.

Akaja mama mmoja na meli ya mchana kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, yeye na mama mkwe wake. Mtoto wa siku tano, kipimajoto 35.1. Nje upepo wa ziwa unavuma, mtoto kafunikwa kanga mbili tu, nikajipa jibu mwenyewe: baridi ya safari. Nikamweka kwenye joto, nikaagiza picha kamili ya damu, nikasema tusubiri majibu. Kifua cha yule mama kilikuwa kimelowa chapa, maziwa yanachuruzika hadi kwenye mkunjo wa kitenge na kudondoka sakafuni. Mimi, kwa roho nzuri kabisa, nikampa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ajifute. Maziwa yamejaa namna ile kwa sababu tangu asubuhi hakuna aliyeyanyonya, na daktari mzima nagawa gozi! Bibi akaniambia, "Dokta, huyu tangu jana halii." Nikamjibu, "Mayu (mama), si ametulia tu?" Tena nikitabasamu. Hilo tabasamu ndilo linalonirudia mpaka leo.

Saa nane usiku joto likafika 36.4, nikaenda kujinyoosha huku najisifu. Saa kumi sista akaja mbio: mtoto anasahau kupumua, ngozi imefanya madoa kama marumaru. Ndipo nikaandika ampi na jenta, yaani ampisilini na jentamaisini, dawa za kuua bakteria. Mshipa niliutafuta mpaka sista akaninyang'anya kanula, ile sindano ya kupitishia dawa. Alifariki kabla hakujapambazuka. Majibu ya damu yalikuja saa nne asubuhi, nikayabandika kwenye faili la mtoto ambaye hayupo. Bibi hakunilaumu. Aliuliza tu meli ya kurudi inaondoka saa ngapi.

2. Msiulize "ananyonya?" Mama atasema ndiyo, kwa heshima tu. Uliza mara ya mwisho amenyonya saa ngapi, kisha aweke mtoto titini mbele yako. Na angalia kitenge.

3. Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, rudia. Hii ya sekunde kumi na tano mara nne acheni, vichanga hawapumui kwa mpangilio.

4. Damu ya kuotesha vijidudu maabara itolewe kwanza, lakini mshipa ukigoma dawa isisubiri. Uzito pima mwenyewe leo, usinakili wa kwenye kadi: wiki ya kwanza, chini ya kilo 2.5, jenta ni miligramu 3 kwa kilo, si 5, mara moja kwa siku. Seftriaksoni, nayo dawa ya bakteria, msimpe kichanga mwenye manjano, na kamwe isikutane na kalsiamu.

5. Sukari. Pimeni sukari ya damu, jamani.

6. Mikono. Klebsiella, bakteria wa wodini, mara nyingi haiji na meli, tunaisambaza sisi kitanda hadi kitanda. Kuna mmoja wenu, hajui kama nilimwona, alivaa glovu kitanda cha kwanza akaja kuzivua cha saba, akitembea kwa kujiamini kama mgeni rasmi. Glovu zinakulinda wewe, ndugu yangu. Wa kitanda cha pili hadi cha saba wanalindwa na nani?

Na wewe uliyeandika faili la juzi, jina lako silitaji. Tulimwanzishia dawa mara baada ya ripoti. Leo alfajiri amevuta titi kwa nguvu mpaka mama yake akapiga yowe. Dozi yake ya jenta ni saa nne, usichelewe.