Ukiugua chuoni, usipande basi bila barua

Juzi binamu yangu wa mwaka wa pili kanipigia simu usiku. Daktari kamwambia apumzike miezi kadhaa, na swali lake la kwanza halikuwa la ugonjwa: "Kaka, nikiahirisha mwaka, boom linaendelea kuingia?"

Haliendelei. Boom ni ile hela ya mkopo ya kujikimu: Bodi ya Mikopo inamlipia chakula na malazi mwanafunzi aliyepo chuoni, na chuo kikishaandika kwamba umeahirisha, malipo yanasimama. Kwetu Tanzania hakuna posho ya mwanafunzi mgonjwa aliyeko nyumbani. Lakini kusimama na kupotea ni mambo mawili, na tofauti yake mimi niliijua kwa kuumia.

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili, semista ya pili. Mgongo ulianza kuuma, nikasingizia godoro la hosteli. Nikameza Panadol, nikahamia vidonge vya duka la dawa ambavyo sikuuliza hata majina. Kufika Mei nilikuwa nasikiliza vipindi nimesimama nyuma kabisa, bega ukutani, kwa sababu kukaa saa nzima kulinishinda. Vipimo vikatoa jibu ambalo sikulitegemea: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na sijawahi kukohoa hata siku moja! Dawa mwaka mzima: miezi miwili ya kwanza mchanganyiko wa dawa nne, kumi iliyobaki dawa mbili. Siku ya kwanza nilivyoona mkojo una rangi ya Fanta nilidhani nakufa. Nesi akacheka, akasema ni dawa.

Dawa zenyewe ni bure. Kinachokula hela ni vipimo, mkanda wa mgongo na nauli. Mimi kipimo kikubwa kililipwa na bima, ile ya wanafunzi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wakati huo shilingi 50,400 kwa mwaka, ambayo wengi tunailipa huku tunanung'unika. Kabla hujaondoka chuoni, soma tarehe ya mwisho kwenye kadi yako na upange vipimo vyako humo humo. Kama huna bima, kwenye hospitali ya umma ulizia ofisi ya ustawi wa jamii mapema, usisubiri bili ikutie kiwewe. Wanakuhoji, wanaangalia hali ya familia, na wanaweza kukupa msamaha. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia sana hapo.

Sasa kosa langu. Baba mdogo alikuja kunichukua, tukapanda basi la Singida siku hiyo hiyo. Nilimwambia mwenzangu wa chumba, "Waambie naumwa." Waambie akina nani? Yeye mwenyewe hakujua. Mitihani ikafika, jina langu likasomwa, sipo. Matokeo yakatoka: disko, yaani nimeondolewa masomoni.

Nilirudi chuoni na mkanda kiunoni, nikaingia kwa mshauri wa wanafunzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa."

"Siwezi kukaa, mama."

Akasoma cheti changu cha hospitali taratibu, akavua miwani. "Mwanangu, kwa karatasi zilizopo hapa wewe hukuugua. Wewe ulitoroka."

Rufaa ilichukua miezi miwili, na bila huyo mama nisingefika popote. Ambacho ningetakiwa kufanya tangu mwanzo kingechukua siku tatu: ripoti ya daktari, igongwe mhuri na zahanati ya chuo, kisha barua ya kuomba kuahirisha kwenda kwa mkuu wa kitivo kupitia mkuu wa idara. Huwezi kutembea? Mtume ndugu, na nakala ipite kwa mshauri wa wanafunzi. Halafu subiri jibu la maandishi. "Nimeshapeleka barua" siyo kuahirisha. Umeahirisha siku unayoshika barua ya kukubaliwa.

Na kama umeugua wiki ya mitihani tu, usiahirishe mwaka. Omba mtihani maalumu, ile tunaita spesho. Siyo sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli: unahesabiwa kama unafanya mara ya kwanza, na alama yako haikatwi.

Turudi kwenye mkopo, maana najua ndicho ulichokuja kusoma. Enzi zangu ilikuwa 8,500 kwa siku (sasa ni 10,000), kwa hiyo siku sitini zilikuwa 510,000. Nikiwa Singida, wenzangu walinipigia: "Boom limetoka, njoo usaini urudi." Nauli nilikuwa nayo. Sikwenda, na siyo kwa uadilifu, mgongo ulikataa basi. Nashukuru ulikataa. Ile ni hela ya siku ulizo masomoni. Ukiichukua ukiwa nyumbani umejitengenezea kesi ya kuirudisha, tena wakati unaomba Bodi ikufungulie mkopo upya.

Kufungua upya nako hakuji kwenyewe. Nilirudi Machi 2018, nikiwa bado namalizia dawa, nikakaa darasani kwa furaha nikisubiri. Boom likatoka, jina langu halimo. Kumbe barua ya kurejea masomo ilitakiwa nimpelekee afisa mikopo wa chuo kwa mkono wangu, na nifuatilie hadi jina lionekane kwenye orodha. Wiki sita nilikula dona ya mama niliyotoka nayo nyumbani. Ada na fedha nilizopokea kabla ya kuugua zilibaki kwenye deni. Nazilipa hadi leo kwa ile asilimia 15 ya mshahara.

Binamu yangu jana kanitumia picha ya barua yake kutoka chuoni. Jina sawa, namba ya usajili sawa, mhuri upo. Tarehe ya kurejea hawakuandika. Nimemwambia asikate tiketi, asubuhi arudi ofisini.