Jibu: Programu ya ARM inaona prosesa ya Intel ndani ya QEMU

Mkuu wa Masasi, umeuliza kwa nini programu yako ya mzani wa korosho inaona prosesa isiyo yake: programu haina kosa. Unaijaribu kwenye laptop ya Intel kwa QEMU (programu inayoiga prosesa nyingine) kabla ya kuipeleka kwenye bodi ya ARM, aina nyingine ya prosesa; inasoma /proc/cpuinfo, faili ya Linux yenye maelezo ya prosesa, inakuta "GenuineIntel". QEMU ya kuendesha programu moja moja (user mode) hutafsiri maelekezo ya prosesa na maombi ya programu, ila haina kerneli yake, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Ombi la kufungua faili linakwenda kwa kerneli ya laptop, nayo inajieleza yenyewe.

Dawa imo kwenye faili ya msimbo wa QEMU, linux-user/syscall.c. Pale kuna jedwali la majina ya faili, kila moja na funksheni ya kuijaza. Programu ikiita openat (ombi la kufungua faili) kwa jina lililomo, QEMU hutengeneza faili ya muda, huandika maelezo ya prosesa inayoigwa, hurudi mwanzo wa faili, kisha hukabidhi namba yake. /proc/self/maps, ramani ya kumbukumbu ya programu, hupita hapo hapo. Matoleo mapya yana cpuinfo ya ARM, kwa hiyo sasisha kwanza.

Angalia pia skripti zako: ikiitwa cat ya laptop (amri ya kuonyesha faili), hiyo haipiti QEMU kabisa. Na /sys, folda nyingine ya taarifa za mfumo, haimo kwenye jedwali, kwa hiyo bado utaona ya laptop.

Ningekuwa wewe ningetumia getauxval na AT_HWCAP, yaani kuuliza moja kwa moja uwezo wa prosesa bila kusoma faili, maana QEMU huijaza AT_HWCAP yenyewe inapopakia programu.